Sanduku la Maswali: Kubadili tumbaku kwa anayeanza kuvuta kiko

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na karibu zote zinauliza jambo moja: nimechoka na tumbaku niliyoanzia, nihamie ipi, na nihame vipi? Sehemu mbili za kiko tutazitaja sana: bori, yaani tundu la kutilia tumbaku, na shilamu, ile inayoingia mdomoni. Majibu haya ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta. Ambaye hajaanza, ushauri wetu ni asianze.

Shikamooni wakubwa zangu. Nina miezi miwili tangu nianze kiko. Nilianza na Cavendish ya vanila. Harufu yake nzuri, lakini ulimi ulikuwa unachonyota na kiko kinakoroma. Nikaambiwa nihamie Virginia ya vipande. Nimehamia, na sasa ulimi unauma zaidi. Nirudi nilikotoka au nitafute ya tatu?
*Kijana wa Raskazone*

Marahaba. Usirudi, na ya tatu usiinunue bado. Anza kwa kuikausha hiyo uliyo nayo.

Mkoromo ni maji. Cavendish ya vanila hutiwa sukari, ladha na propilini glikoli, kimiminika cha kuizuia tumbaku isikauke, kwa hiyo hutoka koponi ikiwa na unyevu mwingi. Ikiungua, unyevu unageuka mvuke, mvuke unapoa ndani ya shilamu na kuwa matone, nayo matone ndiyo yanayokoroma. Mvuke huohuo ndio unaokuunguza ulimi. Tena tumbaku mbichi huzimikazimika, na mgeni wa kiko akiona inazima huvuta kwa nguvu ili kuiokoa. Bori linachemka, mvuke unazidi.

Virginia ina tabia nyingine. Ni jamii ileile inayolimwa Tabora na Urambo, tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto ndani ya mabani, na ukaushaji huo huliachia jani sukari nyingi. Sukari hiyo huungua kwa moto mkali. Anayevuta taratibu hupata utamu. Anayevuta haraka hupata kidonda. Wewe ulihama na pumzi zako za vanila, na ndizo zinazokuumiza.

Pima gramu 2. Bori la kawaida huchukua kati ya 1.5 na 3. Vunja kipande, kifikiche kati ya viganja mpaka kiachane nyuzinyuzi, kisha tandaza juu ya karatasi nyeupe. Ushauri wa dakika 20 au 30 za kukausha unafaa nchi zenye hewa kavu. Tanga, hasa masika ya Machi hadi Mei, tumbaku ikikaa barazani saa nzima inaweza kurudi ndani na unyevu zaidi ya iliotoka nao. Iweke chumba chenye kiyoyozi, au chini ya taa ya mezani yenye joto, ukiigeuza kila baada ya dakika 10. Jua kali linakausha upesi lakini linaondoka na harufu, kwa hiyo tunalipendekeza kwa dharura tu.

Kipimo ni vidole. Bana kibonge kidogo, kisha achia. Kikibaki kimeshikamana, bado mbichi. Kikilia na kuvunjika, umepitiliza. Kikifunuka chenyewe polepole, hapo ndipo. Cavendish yako haitafika hapo kirahisi kwa sababu ya ile glikoli, na kwetu sisi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya mtu wa pwani kuiacha.

Kujaza: tumbaku ya kwanza iangushe tu bila kukandamiza, ya pili ikandamize kidogo, ya tatu zaidi. Kabla ya kuwasha, vuta hewa. Iwe nyepesi kama kunywa dafu kwa mrija. Ikiwa nzito, mwaga ujaze upya, maana hakuna dawa ya bori lililoshindiliwa isipokuwa kulimwaga. Zungusha moto wa kwanza juu yote mpaka nyuzi ziinuke na kuwa nyeusi, zilaze kwa kishindilio bila kutia nguvu, kisha washa mara ya pili. Ikizima katikati, iwashe tena. Mwenye uzoefu naye huwasha mara mbili tatu kwa bori moja. Kuzima si kosa, kosa ni kukimbizana na moto.

Kasi utaijua kwa shavu. Gusisha bori shavuni. Ukishindwa kulivumilia, liweke chini lipoe. Na kwa kuwa unaishi Raskazone: usijaribie tumbaku mpya ufukweni. Upepo wa bahari huchochea kaa hata usipovuta, na mti wa bori unaweza kuungua upande mmoja mpaka ukatoboka. Kaa ndani, au penye ukuta.

Pumzisha ulimi siku mbili tatu, kisha vuta mabori manne ya Virginia iliyokauka vizuri, siku tofauti. Ukiumia bado, basi mdomo wako na Virginia havipatani. Hutokea, na hapo ndipo pa kuhamia tumbaku yenye Burley nyingi. Burley hukaushwa kwa hewa kivulini, haibaki na sukari ya maana, inaungua kwa upole, na ladha yake inaelekea karanga na kakao. Kopo moja la gramu 50, kwa gramu 2 kila mara, ni mabori 25. Kwa anayejifunza, kopo moja wazi linatosha, mawili kwa shida.

Nina kiko kimoja tu, cha mti. Nilijaribu mchanganyiko wenye Latakia mara tatu, sikuupenda, nikarudi kwenye Burley yangu. Lakini kila nikivuta, moshi wa Latakia upo palepale. Kiko kimeharibika?
*Fundi seremala, Ngamiani*

Hakijaharibika, fundi. Latakia ni jani la jamii ya Kituruki linalofukizwa kwa moshi wa kuni kwa wiki nyingi. Jina limetokana na bandari ya Syria, ingawa siku hizi linatoka zaidi Cyprus. Mafuta ya moshi huo huingia kwenye ukoko wa masizi ulio ndani ya bori, na kila ukiupasha moto unayarudisha. Vanila hufanya vivyo hivyo, pengine vibaya zaidi.

Anza na ukoko. Ukwangue mpaka ubaki milimita 1 hivi, kwa kifaa butu, si ncha ya kisu, kwa sababu ncha huchimba sakafu ya bori. Kisha vuta mabori matatu manne ya Burley isiyotiwa ladha, kila moja mpaka chini. Wengi hupona hapo.

Harufu ikigoma, acha kiko kipoe kabisa ndipo uchomoe shilamu. Wewe unajua mti ukipata joto na unyevu hufanya nini: ukiichomoa kikiwa cha moto, ulimi wa shilamu, ile ncha inayoingia kwenye mti, hukatikia ndani. Jaza pamba kwenye bori, dondoshea pombe kali nyeupe ya kunywa, isiyo na sukari, mpaka pamba iloe bila kuchuruzika, na kiegemeze kiko wima usiku kucha. Asubuhi pamba itakuwa ya kahawia. Rudia kwa pamba mpya mpaka itoke karibu nyeupe, kisha acha kiko siku nne kikauke. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda wala ya kuwashia: huwa na methanoli au dawa nyingine, na hicho ni kitu unachotia mdomoni. Wapo wanaotumia chumvi badala ya pamba. Sisi hatuipendekezi, imepasua viko vingi. Asiyetaka pombe nyumbani kwake aendelee na Burley. Itachukua muda zaidi, lakini itafika.

Kwa majaribio, tafuta kiko cha pili cha bei ndogo. Cha gunzi la mahindi kinafaa kuliko vyote. Mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, umevitengeneza kiwandani tangu 1869, kwa mahindi ya mbegu yenye gunzi nene, yanayoachwa yakauke kama miaka miwili. Tunajua fundi utashawishika kuchonga chako: gunzi la mahindi yetu ya kawaida ni laini na jembamba, litaungua upesi. Vipo pia viko vya jiwe jeupe jepesi, lile lililochimbwa Sinya, Longido. Havishiki harufu kama mti, ila ndani yake usiache ukoko ujengeke, kwa sababu ukipanuka kwa joto unalipasua jiwe.

Tumbaku yangu ilikauka ikawa kama majani makavu. Nikaitilia ganda la chungwa ndani ya kopo. Sasa ina vitu vyeupe juu. Wengine wananiambia ni ishara ya tumbaku iliyokomaa.
*Mama mkulima, Muheza*

Itupe, mama, yote, na kopo ulitupe pia. Ganda la chungwa, kipande cha kiazi, ganda la ndizi, vyote huleta unyevu pamoja na mbegu za ukungu, na joto la Muheza linamaliza kazi. Ni kweli tumbaku iliyowekwa miaka mingi huweza kutoa chembe zinazometa, lakini hizo ni kama vumbi la kioo, hazina nywele wala harufu ya uvundo. Chenye manyoya au utando kama wa buibui ni ukungu, na kuuchoma hakuufanyi salama.

Siku nyingine, tandaza tumbaku kwenye sahani na uifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kukamuliwa sana, kisigusane nayo. Ipime kwa vidole kila baada ya nusu saa. Ihifadhi kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, yenye kifuniko cha kukaza, uliyoisuuza kwa maji ya moto na kuikausha kabisa. Chupa ndogo mbili ni bora kuliko kubwa moja, maana kila ukifungua unaingiza hewa ya nje.

Tumbaku ya kiko haipatikani huku. Je, nihamie ile ya kusokota inayouzwa sokoni, au nipasue sigara?
*Msomaji, Pangani*

Sigara, hapana: imekatwa nyembamba sana, inaungua kwa haraka na kwa moto mkali, na itaufanya ulimi ukichukie kiko. Ya kusokota, muulize muuzaji kwanza kama imetiwa magadi au chokaa. Iliyotiwa ni ya kutafuna, na magadi huharakisha nikotini kuingia mwilini. Isiyotiwa kitu inavutika, ila ni kali mno kwa mgeni. Ikate kwa kisu kikali vipande vya unene wa milimita 1, ifikiche, ikaushe, na usizidishe robo ya bori.

Nimetoka kwenye Virginia na kuingia kwenye Burley. Ulimi hauumi tena, lakini nusu ya bori tu nashikwa na kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Kiasi ni kilekile. Kwa nini? Na je, kiko ni salama kuliko sigara niliyoacha?
*Mwalimu, Chumbageni*

Kiasi ni kilekile, moshi si uleule. Moshi wa Virginia una asidi, na nikotini yake haipenyi vizuri kwenye ngozi ya mdomo. Moshi wa Burley umeelekea upande wa alkali, na nikotini inapita mdomoni moja kwa moja, hata usipoumeza. Isitoshe, Burley mara nyingi huwa na nikotini nyingi zaidi. Kwa wiki ya kwanza jaza theluthi ya bori, uwe umekula, na ukiona jasho la kwanza weka kiko chini. Kuvumilia ili umalize ndiko kunakoleta kutapika. Na kwa kuwa umetoka kwenye sigara, jichunguze kama huvuti moshi mpaka kifuani bila kujua. Mkono unaacha sigara kabla ya mapafu.

Swali la pili tulijibu wazi: hapana, usikihesabu kiko kuwa salama. Kiko huleta saratani ya mdomo, ya midomo na ya koo, na hakuna tumbaku unayoweza kuhamia ikaondoa hatari hiyo. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki 3, nenda hospitali ya Bombo wakaliangalie. Usidhani ni ulimi ulioungua.

Naweza kuchanganya mwenyewe badala ya kuhama moja kwa moja?
*Msomaji, Makorora*

Unaweza, na mara nyingi ni bora. Pata mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Anza na gramu 4 za tumbaku uliyoizoea na gramu 1 ya mpya, zote zikiwa na ukavu sawa, la sivyo moja itaungua na nyingine itafuka. Changanya kwa mkono mkavu, tia kwenye chupa ndogo, bandika tarehe na vipimo, acha wiki 2. Ukiipenda, safari inayofuata iwe 3 kwa 2.

Perique ina hesabu yake. Ni jani la St. James Parish, Louisiana, linalokandamizwa ndani ya mapipa na kuchachuka kwa karibu mwaka mmoja. Lina ukali wa pilipili manga na harufu ya matunda yaliyoiva sana. Kwa gramu 10 za Virginia tia nusu gramu, usizidishe gramu 1. Na usibadilishe kiko, kiberiti na mchanganyiko kwa siku moja, kwa sababu hutajua kipi kimekupa ladha uliyoipata.