Mbona chai yako ya baridi imefanya ukungu

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zako zimefika. Umeniuliza kuhusu chai ya baridi: ulichemsha majani, mdalasini, karafuu na vipande vya embe kwenye sufuria moja kwa robo saa, ukatia sukari, ukaiacha ipoe mezani, kisha ukaiingiza kwenye friji mpaka asubuhi. Ikatoka na ukungu, yaani si ang'avu, ina ukakasi unaokausha ulimi, na embe halisikiki. Na Jumamosi una wageni kumi.

Vitu ulivyotia havina tatizo. Tatizo ni kuvipika pamoja. Majani ya chai yanataka dakika chache, viungo vinataka muda, na embe halitaki moto kabisa. Kila kimoja kipe haki yake peke yake, kisha vikutanishe mwishoni.

Anza na viungo, maana ndivyo vyenye kuchelewa. Kwa lita moja ya chai, chukua kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, iliki 5 zilizopasuliwa, karafuu 3, na tangawizi ya gramu 15 iliyokatwa vipande vyembamba. Tia kwenye maji mililita 600, yakichemka punguza moto, funika, acha yatokote polepole dakika 12 hadi 15. Mfuniko usiudharau: harufu unayoisikia jikoni kote ni harufu iliyokwisha kutoka kwenye kinywaji chako. Usitumie viungo vya unga. Mdalasini wa unga ukikaa kwenye maji hutoa ute, na ute huo hupita kwenye chujio ukakukaa kooni. Karafuu nazo zisizidi, kwani zikizidi hutia ulimi ganzi na kufunika kila ladha nyingine.

Zima moto, toa viungo, angalia maji yaliyobaki yawe kama nusu lita. Hapo ndipo utie majani gramu 10, au mifuko 5 ya kawaida ya gramu 2. Ni mengi kwa maji hayo, na ni kwa makusudi, kwa sababu nusu nyingine ya maji italetwa na barafu. Funika dakika 4. Kama majani ni yale ya chenga ndogondogo, dakika 3 zinatosha. Chuja, wala usiyakamue. Robo saa uliyoyachemsha wewe ndiyo iliyoleta ukakasi: rangi na harufu hutoka mapema, lakini tanini, yaani kile kitu cha majani kinachokausha ulimi, huendelea kutoka kadiri majani yanavyokaa. Ukitaka chai kali zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika. (Chai ya kijani ni habari nyingine: maji ya nyuzi 75 hadi 80, dakika 2 au 3 tu.)

Sasa ukungu. Kafeini na tanini zikiwa kwenye maji ya moto huyeyuka vizuri, lakini chai inapopoa hushikana na kuwa chembe ndogo mno zinazozuia mwanga. Chai ikiwa nzito, na ikapoa taratibu kama yako ilivyopoa, chembe huwa nyingi. Haidhuru mtu, ila haipendezi machoni. Dawa yake ni kuipoza upesi: mimina ile nusu lita ya moto juu ya gramu 500 za barafu, ukikoroga. Barafu karibu yote itayeyuka, na utapata lita moja iliyo baridi tayari. Huna mizani? Pima nusu lita ya maji kabla ya kuyagandisha. Fanyia kazi hii kwenye sufuria, si kwenye jagi la kioo, maana kioo kikipata moto na baridi kwa pamoja hupasuka. Ukungu ukitokea hata hivyo, koroga na maji kidogo yanayochemka, mara nyingi husafika.

Ipo njia ya pili, nami naipendelea kwa wageni wengi: loweka majani kwenye maji baridi, gramu 10 kwa lita, ndani ya friji, saa 8 hadi 10. Ukakasi huwa mdogo, na ukungu ni nadra kuuona. Kasoro yake ni kwamba viungo havitoi kitu cha maana kwenye maji baridi. Kwa hiyo vitengenezee shira: mdalasini vijiti 3, iliki 15, karafuu 8 na tangawizi gramu 50 kwenye maji mililita 300, vitokote robo saa na mfuniko, chuja, ndipo utie sukari gramu 200 na kukoroga hadi iyeyuke. Sukari usiitangulize, kwani maji mazito hayavuti ladha vizuri. Vijiko vikubwa vinne vya shira hii vinatosha lita moja. Shira pia inakuondolea adha ya sukari kukaa chini ya jagi, maana kwenye baridi sukari huyeyuka kwa shida. Onja chai ikiwa baridi kabisa ndipo uongeze utamu. Chai iliyo sawa ikiwa ya moto, ikipoa huonekana imepungukiwa.

Embe lako lilipotelea hapa: moto umefukuza harufu yake, na ukakasi umefunika kilichobaki. Saga gramu 150 za embe bivu kwa kila lita, pitisha kwenye chujio, changanya na chai iliyokwisha kupoa. Kisha kamulia ndimu, kijiko kikubwa kimoja. Embe bila uchachu kidogo hupooza kwenye baridi. Ukitia ndimu, utalisikia embe lenyewe, si ndimu. Rangi ya chai itafifia mara moja. Usishtuke, ni asidi inafanya kazi kwenye rangi ya majani. Chai yenye embe haitakuwa ang'avu, nyama ya tunda hutuama chini, kwa hiyo koroga kabla ya kumimina.

Siku ukitaka tunda jingine: pasheni haitaki blenda ya kuzunguka muda mrefu: mbegu zikivunjika huacha uchungu na vidoa vyeusi. Ikoroge kwa kijiko kwenye chujio mpaka zibaki mbegu tupu. Nanasi saga na uchuje, povu litapanda, liengue. Chungwa, tumia ganda la juu tu, lile la rangi, lililomenywa jembamba. Sehemu nyeupe ni chungu. Vipande vya ndimu au limau vyenye ganda visilale ndani ya jagi usiku kucha, vitoe baada ya saa 2.

Usiweke viungo vyote kwa kila tunda. Embe na iliki vinapatana, nanasi linataka tangawizi na punje chache za pilipili manga, chungwa linakaa vizuri na mdalasini na karafuu. Pasheni ina kelele ya kutosha, ipe tangawizi tu. Na maziwa usithubutu, uchachu wa tunda utayakatisha.

Chai tupu iliyofunikwa hukaa kwenye friji siku 3. Ikishatiwa tunda, imalize siku hiyohiyo au kesho yake. Isikae mezani zaidi ya saa 2, na usiifuate ile njia ya kuanika chupa juani ili majani yajitoe: maji huwa vuguvugu tu, joto ambalo bakteria wanalipenda. Ukiona utelezi, vijipovu au harufu ya kuchacha, mwaga.

Kwa wageni wako kumi, glasi mbili kila mmoja, andaa lita 4. Kwa kuwa embe ndilo ulilotaka, tengeneza shira Alhamisi, ukiongeza iliki ziwe 20 na kuacha karafuu kabisa. Usiku huohuo loweka pembeni lita moja ya chai, majani gramu 10, uichuje Ijumaa asubuhi na kuigandisha kwenye trei ya barafu, ili barafu ikiyeyuka kwenye glasi isiichujue chai. Ijumaa usiku loweka majani gramu 40 kwenye lita 4 za maji. Jumamosi asubuhi chuja, tia shira vijiko vikubwa 16, na embe lisage saa moja kabla hawajafika, si mapema zaidi.

Baba yako