Chinchila safarini saa 18: dozi ya usingizi siitoi

SWALI: Dokta shikamoo. Niko Houston, mwezi wa saba tunahamia Minneapolis kwa gari, ni kama saa 18 za barabarani na tutalala njiani usiku mmoja. Nna chinchila wawili majike, hawa wanyama wadogo wa jamii ya panya wenye manyoya mazito, ni ndugu, wana miaka minne. Kitundu cha kusafiria ninacho na hei, majani makavu wanayokula, ninayo ya kutosha. Wasiwasi wangu ni kelele na mtikisiko, mmoja wao mwoga sana. Mwenzangu kwenye grupu la WhatsApp anasema yeye huwapa Benadryl ya watoto kidogo, wanalala mpaka wanafika, halafu anawafunika taulo mbichi joto lisiwapate. Naomba unisaidie dozi tu, mmoja ana gramu 610 mwingine 540.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Dozi ni sifuri, kwa wa 610 na kwa wa 540, na hiyo taulo ianike ikauke.

Swali hili linanijia kila mwaka watu wakianza kuhama shule zikifungwa, na linakujaga hivihivi, "naomba dozi tu," kama vile kila kitu kingine kimeshaamuliwa na mimi kazi yangu ni kuweka namba. Umenunua kitundu, umewapima uzito mpaka gramu ya mwisho, yaani wewe ni mfugaji makini kuliko wengi ninaowaona, halafu mtu mmoja kwenye grupu anakuharibia kazi yote kwa meseji ya mistari miwili.

Hiyo Benadryl ni dawa ya mzio. Usingizi ni madhara yake tu, na madhara mengine ni kukausha mate na kupunguza mwendo wa utumbo. Mtu mzima akikosa choo siku moja anakula papai maisha yanaendelea. Chinchila utumbo wake ni pipa la kuchachusha majani, linataka hei iingie mara kwa mara ili mambo yatembee, na kutapika hawezi, kwahiyo kilichoingia lazima kipite chote mpaka nje. Ukipunguza mwendo gesi inajaa, tumbo linauma, akiumwa anagoma kula, akigoma kula utumbo unazidi kusimama. Mnyama wa aina hii akikaa saa 12 hajagusa chakula mimi naiita dharura, sasa wewe unataka kumlaza makusudi kwenye safari ya saa 18.

Na hapa ndo panaponichosha kuliko pote, hili neno "ametulia." Chinchila kwao ni chakula cha mbweha na ndege wawindaji. Mnyama anayewindwa akiogopa sana hapigi kelele, anaganda. Kwahiyo mtu anageuka kuangalia siti ya nyuma anaona kimya, anafurahi, anaongeza mwendo, kumbe pale nyuma kuna mnyama kaganda kwa hofu au joto limeshamlegeza, na kama umempa dawa ndo hutajua kabisa ni ipi kati ya hizo tatu, dawa, hofu au joto. Mimi sitaki chinchila aliyetulia safarini. Nataka anayetafuna hei, anayejikuna, anayelalamika kidogo, na anayetoa mavi.

Mavi ndo kipimo chako. Kila mkisimama sheli fungua kitundu uangalie kitambaa: yakiwa makavu, ya kahawia, manene kuzidi kidogo punje ya mchele na yametapakaa kila mahali, endeleeni na safari. Yakiwa madogo madogo, machache, au hamna kabisa tangu kituo kilichopita na hei haijaguswa, hapo ni kumpigia daktari.

Sasa taulo. Mwaka juzi nililetewa dume mmoja kutoka safari ya saa sita tu, alikuwa kwenye boksi, kafunikwa taulo mbichi, mwenyewe anaapa AC ilikuwa inapuliza muda wote. Masikio ya chinchila ni membamba kama jani, kwa kawaida yana rangi ya waridi iliyofifia, ya huyu yalikuwa mekundu na mishipa imejichora, mate yanatoka kidevuni, kalala ubavu anapumua haraka haraka. Nikaingiza vidole kwenye manyoya, juu pamepoa kabisa, nikafika kwenye ngozi nikakuta mvuke, kama unafunua sufuria ya wali uliopaliwa mkaa. Alipona, ila siku tatu tulimlisha kwa bomba la sindano.

Sababu ni hizo nywele. Kishimo kimoja cha ngozi yake kinaweza kuotesha nywele zaidi ya 50, ndo maana hata kuoga anaogea vumbi na sio maji. Maji yakiingia humo hayatoki. Na jasho hana, kwahiyo feni unayompulizia haimpoozi kama inavyokupooza wewe uliyelowa jasho, inamletea hewa tu, na kama hewa ni ya moto inamletea moto. Taulo mbichi inaongeza unyevu ndani ya kitundu na inaziba upepo hapohapo. Wafugaji wana hesabu nzuri sana ambayo nami naitumia: chukua joto kwa Farenhaiti jumlisha na asilimia ya unyevu, ikifika 150 uko kwenye hatari. Nyuzi 75 kwenye unyevu wa 75 ushafika, na hiyo 75 ya joto watu wengi wanaiona ni baridi kabisa. Juu ya 80 hata hesabu usipige, tafuta ubaridi.

Kwa safari yako mngeondoka Houston saa kumi alfajiri. Gari iwake AC robo saa nzima kabla hujawatoa ndani, ifike kwenye 65 au 68, nyie vaeni masweta. Mkienda hivyo Dallas mnaipita asubuhi na joto baya la mchana linawakuta mbele ya Oklahoma City na sio foleni ya Texas. Lalieni Kansas City, kesho yake inabaki kama saa saba. Kitundu kikae kwenye siti, kimefungwa mkanda, upande usiopigwa na jua, sio buti na sio treila ya mizigo hata kama ina tundu. Muwe watu wawili, mmoja akienda chooni mwingine abaki kwenye gari inayonguruma, maana gari iliyozimwa juani inaweza kupanda karibu nyuzi 20 ndani ya dakika 10 na kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu. Kigae cha sakafu au kipande cha marumaru kilale kwenye friji, kiwekwe chini mnyama akalie mwenyewe akitaka, vingine viwili viwe kwenye kiboksi cha barafu mnabadilisha. Chupa ya maji inamwagika gari ikitembea, wape mkisimama. Chini weka kitambaa chao kilekile cha nyumbani bila kukifua, wanusie harufu yao. Na huyo mwoga anza naye wiki mbili kabla, dakika 20 za kuzunguka na gari mtaani, kesho kutwa saa nzima, unaangalia akirudi anachukua muda gani kuanza kula. Ndugu yake awe naye kitundu kimoja kama hawagombani, huyo ndo dawa yake ya kutuliza.

Kwani unajua hawa wa majumbani Marekani karibu wote ni uzao wa wachache, hawafiki hata 15, ambao injinia mmoja wa migodi, Mathias Chapman, aliwaleta California kutoka Chile mwaka 1923. Aliwateremsha toka milimani polepole sana wazoee, na melini wakapoozwa kwa barafu. Miaka mia imepita tuna AC mpaka kwenye viti, na bado mtu anatafuta chupa ya dawa.

Na sio Benadryl tu. Kuna hawa wanaouza matone ya kutuliza mtandaoni, ukiuliza kipimo kwa mnyama wa nusu kilo wanakwambia "ni ya asili haina madhara." Mnyonyo nao ni wa asili na mbegu zake zinaua. Kuna wanaopaka mafuta ya lavenda kwenye matundu ya AC, na mimi kila mwaka naona mtu kabakiza amoksilini ya mtoto, ile ya pinki, chinchila akipiga chafya anampa matone mawili. Amoksilini ya kunywa inamuulia chinchila vijidudu vizuri vya tumboni, vinabaki vibaya, siku chache anaharisha anakufa na mwenye mnyama anabaki anasema homa ilimzidi. Mtu aliyempa hiyo dozi hayupo, kashahamia grupu lingine. Mimi nikimlaza chinchila kliniki nafanya hivyo nikiwa na oksijeni, kipima joto na msaidizi ambaye kazi yake ni kuhesabu pumzi tu, na bado roho inanidunda, halafu mtu anataka afanye hilohilo huku anaendesha maili 75 kwa saa kwenye barabara kuu ya I-35.

Kabla hujaondoka piga simu Oklahoma City, Wichita, Kansas City na Des Moines, utafute kliniki moja moja. Usiulize kama wanatibu wanyama, uliza kama wanatibu chinchila na kama wikiendi yupo mtu, maana nyingi ni mbwa na paka tu, hilo hutaki kuligundua saa nne usiku. Akizidiwa na joto njiani lowesha masikio tu kwa maji ya kawaida, mlaze kwenye kigae, mwende kliniki. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi.

Na huyo mwenzako wa kwenye grupu muulize kitu kimoja: wake walipofika, walikaa saa ngapi ndo wakaanza kula?