Kabla ya kupanda ndege ndogo, uliza hali ya hewa

Oktoba 28, 2025, ndege aina ya Cessna Caravan ilianguka Kwale muda mfupi baada ya kuruka kutoka Diani kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara. Watu wote 11 waliokuwamo walifariki. Siku hiyo simu yangu haikunyamaza. Ndugu, marafiki na wateja wa zamani walinitumia picha za mabaki, na swali lilikuwa moja: "Hivi vindege vya injini moja si wavifungie tu?"

Wananiuliza mimi kwa sababu kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea abiria wa ndege ndogo, kwanza Zanzibar, baadaye Arusha. Ninapima watu na mizigo, ninaandika majina, ninawasindikiza hadi kwenye ngazi. Si rubani wala fundi, ila nimekaa na marubani na mafundi muda mrefu, na nimewaona abiria wengi wakipanda huku mikono inatetemeka. Hofu yao siidharau. Nasikitika tu kwamba wanaogopa udogo wa ndege na idadi ya injini, wakati kinachoua zaidi ni mawingu yaliyofunika milima, pamoja na haraka ya watu ambao hawataki kusubiri.

Niseme kwanza ukweli ambao wauza tiketi wengi hawausemi. Ndege ndogo kwa jumla haina usalama wa kiwango cha ndege kubwa za mashirika. Marekani, ambako hesabu hizi hutunzwa vizuri, ndege za watu binafsi, za mafunzo na za matembezi hupata ajali yenye vifo takribani 1 kwa kila saa 100,000 za kuruka. Mashirika makubwa ya abiria yako mbali sana chini ya hapo. Kwa hiyo anayekwambia "ndege ni ndege, zote sawa" anakupoza moyo tu.

Lakini hesabu hiyo inawachanganya mtu anayejirusha mwenyewe siku ya Jumapili na rubani wa kulipwa mwenye kampuni nyuma yake, ratiba, mafundi na mkaguzi. Caravan inayokutoa Arusha kwenda Seronera, Serengeti, au uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mara, ni chombo cha biashara kilicho chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: panda ndege ya kampuni yenye leseni ya kubeba abiria. Ukiambiwa kuna rafiki mwenye kindege chake, mchangie mafuta muende wote Mafia, mshukuru, kisha kakate tiketi. Bima yako, mafunzo ya rubani na ukaguzi wa ndege ile vinategemea leseni hiyo.

Watu wengi pia wanasahau barabara. Kenya pekee hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Hao ni watu 11 au 12 kila siku iendayo kwa Mungu, sawa na Caravan moja iliyojaa. Najua wanaopanda magari ni wengi mno kuliko wanaopanda ndege, kwa hiyo namba hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Nazitaja kwa sababu mtu aliyefuta safari yake ya ndege baada ya Kwale aliniambia ataondoka na gari usiku ili awahi kufika alfajiri. Nilimsihi sana asiondoke usiku.

Sasa injini. Injini ikizima, ndege haidondoki kama jiwe. Mabawa bado yanafanya kazi, na rubani anaishusha huku ikiteleza hewani. Ikiwa futi 10,000 juu ya ardhi, Caravan inaweza kuteleza zaidi ya kilomita 25 bila injini, na kwa kasi yake ndogo ya kutua inaweza kukaa kwenye uwanda au barabara ya vumbi. Injini yake, PT6, si ya pistoni kama ya gari. Ni ya familia ya jeti, inazungusha pangaboi, na imekuwa kazini duniani tangu miaka ya 1960. Kuzima kunatokea, ila siyo jambo linalowanyima usingizi marubani ninaowafahamu.

Kinachowanyima usingizi ni mawingu. Novemba 15, 2017, Caravan iliyokuwa ikielekea Serengeti iliishia kwenye miinuko ya kreta ya Empakaai, Ngorongoro, na watu wote 11 wakafariki. Juni 5, 2018, nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotelea kwenye milima ya Aberdare. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye, na wote 10 walikuwa wamefariki. Angalia ramani ya safari hizo mbili: katikati ya njia pana milima mirefu, na milima hiyo huvaa mawingu.

Ndani ya wingu binadamu hajui juu ni wapi na chini ni wapi. Sikio la ndani linadanganya: ndege inapinda taratibu na wewe unahisi imenyooka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kusoma vyombo vya ndani ya ndege peke yake, kikawanyima kuona nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Ni chini ya dakika tatu. Rubani aliyefunzwa kutegemea vyombo anavuka hapo, lakini hata yeye anahitaji kuwa juu ya mlima, siyo mbele yake.

Hapo ndipo abiria anapoingia. Wengi hawajui kwamba wao ni sehemu ya usalama wa safari.

Nakumbuka asubuhi moja ya Aprili pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha. Mvua ilikuwa imekatika, kiwanja kimekauka, jua linachungulia upande wa Meru. Abiria wanaona kumekucha vizuri, kwa nini hatuondoki? Rubani, dada mdogo kwa umri, alikuwa amesimama kwenye pembe ya bawa akitazama magharibi, ambako milima ya Monduli haikuonekana kabisa. Mzee mmoja, mtu mwenye nafasi yake, akamfuata.

"Binti, hapa pako wazi. Mnasubiri nini? Nina watu wananisubiri kule."

"Shikamoo mzee wangu. Nasubiri niione Monduli."

"Marahaba. Lakini mimi nimelipa hela yangu."

"Ni kweli mzee. Na pesa yako utarudishiwa ukitaka, dada pale kaunta atakusaidia. Ila mimi nisipoiona Monduli, sitaweza kuona kilichoko nyuma yake."

Nyuma yake kuna nyanda za juu za Ngorongoro, zenye vilele vya zaidi ya mita 3,000. Mzee alirudi kukaa, amenuna. Waliondoka karibu na saa tano. Kilichonigusa ni yule binti alivyosimama peke yake. Abiria wote walikuwa upande wa mzee, na kama angekuwa na moyo mwepesi kidogo, angewasha injini ili kumridhisha mkubwa.

Kwamba shinikizo linaua, si maneno yangu tu. Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alifariki Januari 26, 2020, pamoja na binti yake na watu wengine saba, helikopta yao ilipoingia kwenye mawingu karibu na Los Angeles. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilisema rubani alipoteza mwelekeo ndani ya wingu, na ikataja kwamba huenda alijiwekea shinikizo mwenyewe la kumfikisha mteja wake. Bodi haikupata ushahidi kwamba Bryant ndiye aliyemsukuma. Uzito wa mteja ulitosha. Sasa fikiria mteja anayepiga kelele.

Kwa hiyo usipange ndege ndogo siku ile ile ya mkutano, harusi au ndege kubwa ya kwenda nje. Acha siku moja katikati, hasa wakati wa masika. Ukiwa na nafasi, hutamsukuma rubani. Akiahirisha, mwambie asante, na useme kwa sauti ili wenzako wasikie. Maneno hayo yana nguvu kuliko mnavyodhani, kwa sababu rubani anasikia kila kinachosemwa kwenye benchi la abiria. Kampuni ikikwambia "tunasubiri hali ya hewa", hiyo ndiyo kampuni ya kuirudia. Mimi ningehofia ile ambayo haijawahi kuahirisha.

Chagua pia safari ya asubuhi kama njia yako ina kawaida ya kuwa wazi mapema. Mchana ardhi ikishapata joto, hewa hupanda na ndege hutikisika sana. Kutikisika huko kunatisha na kunatapisha, lakini ndege imejengwa kuhimili zaidi ya hapo. Funga mkanda, tazama mbali, usisome simu.

Suala la uzito huleta ugomvi mwingi kaunta. Begi laini, kilo 15, na wewe mwenyewe juu ya mizani. Kina mama wanaona aibu, wanaume wanataka kukadiria. Wapendwa, hatupimi ili kumfedhehesha mtu. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Zanzibar, na ikipata joto la saa nane inazidi kuwa nyepesi, hivyo ndege ile ile yenye watu wale wale inahitaji njia ndefu zaidi kuruka. Rubani anatakiwa kujua kilo ngapi zimekaa mbele na ngapi nyuma. Ile kreti ya soda iliyopitishwa dirishani na shemeji baada ya mizani inaharibu hesabu yake yote. Begi gumu nalo halikubaliki kwa sababu halikunjiki kuingia kwenye sehemu ya mizigo chini ya tumbo la ndege.

Ndani ya ndege, msikilize rubani dakika ile moja anapogeuka kueleza mlango unafunguliwaje. Ukivuka bahari, jua jaketi la kuokoa maisha liko wapi, na usilijaze hewa ukiwa bado ndani. Novemba 23, 1996, ndege kubwa ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia majini karibu na ufukwe wa Ngazidja, Komoro. Miongoni mwa waliokufa wapo waliokuwa wamejaza majaketi yao kabla ya kutoka. Maji yalipoingia, yaliwanyanyua hadi darini na hawakuweza kuufikia mlango.

Na ajali ikitokea, tafadhalini tujizuie. Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Jioni hiyo, kwenye magrupu niliyomo, tayari watu walikuwa wameshamhukumu mwanafunzi, na mzazi wa mtu alikuwa bado hajazika. Taratibu za kimataifa zinataka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30, na uchunguzi ule lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, siyo kutafuta wa kulaumiwa. Subiri siku hizo 30. Ukisoma ripoti moja kwa utulivu, utajifunza zaidi kuliko kwa picha mia za mabaki.

Jambo la mwisho naliomba kwa moyo wote, kwa sababu nimeshika orodha za abiria mkononi na najua thamani yake. Usisafiri kwa tiketi ya kaka yako. Usimpe nafasi yako jirani bila kutuambia. Jina kwenye orodha liwe lile la kwenye kitambulisho chako, na namba ya simu unayotuachia isiwe ile unayoingia nayo kwenye ndege. Tuachie ya mtu aliyebaki nyumbani.