Maswali na Majibu: Kutu Kwenye Magari ya Kifahari ya Zamani

SWALI: Nimenunua Mercedes-Benz W126 ya 1985 iliyokaa miaka mingi bila kutembea. Rangi imefura kwenye pembe za chini za kioo kikubwa cha nyuma, na nikiweka jeki mahali pake bati linabonyea. Naweza kusugua kwa msasa, kupaka puti na kupiga rangi nyumbani?

JIBU: Nyumbani inawezekana, ila si kwa utaratibu huo. Bati linalobonyea penye jeki limeliwa kutoka ndani, na puti haibebi uzito wa gari. Anza kwa kufungua. Ng'oa zile plastiki pana za ubavuni, toa viti na mazulia, kisha gongagonga kila mahali kwa bisibisi butu. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti nzito na bisibisi huzama. Kioo cha nyuma nacho kitoke. Kutu ya pembe zile hujificha chini ya mpira wa kioo na kupitisha maji hadi butini, kwa hiyo uvimbe unaouona nje ni sehemu ndogo tu ya uharibifu. Pitisha na sumaku: isiposhika, fundi aliyetangulia alijaza puti.

Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kabla ya kukata kizingiti cha mlango, egemeza gari kwenye stendi chini ya suspensheni, likae kama linavyosimama kwa magurudumu yake. Chomelea fito za muda kwenye uwazi wa mlango, na uandike vipimo vya nafasi kati ya mlango na fenda. Ukiruka hatua hii bodi hushuka katikati, na bati jipya likishachomelewa mlango haufungi tena. Maliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili.

Kata hadi upate bati safi linalong'aa, sentimita 2 au 3 kupita mwisho wa kutu. Kiraka cha bodi kiwe na unene wa milimita 0.8 hadi 1, na kinene zaidi penye jeki. Kwa mashine ya kuchomelea ya MIG (inayolisha waya yenyewe) tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Piga nukta moja huku, nyingine mbali, uache papoe. Ukivuta mstari mrefu bati litajikunja. Kabla ya cheche ya kwanza toa betri, chomoa waya za alteneta, shusha tangi la mafuta na uweke kizima-moto karibu. Na tafadhali sana, usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachomelea. Mvuke wake ukikutana na joto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi inayoua.

Baada ya hapo paka praima ya epoksi. Praima ya kawaida ya kusawazishia hupitisha maji. Gari likikaa nayo wiki kadhaa kabla ya rangi, kutu hurudi chini yake. Ziba maungio kwa silanti, sawazisha kwa puti isiyozidi milimita 3, piga rangi, ndipo unyunyize nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yaliyopo. Nta ikitangulia rangi, rangi haitashika. Hakikisha matundu ya kutolea maji yamebaki wazi.

SWALI: Kwa bolti na vishikizo vidogo, bora siki, dawa ya kugeuza kutu au umeme?

JIBU: Kwa vitu vingi vidogo vya chuma, umeme, kwa sababu hauli chuma kizima. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kufulia kwa kila lita 4, na chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi iende kwenye kifaa chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, na vipande hivyo viwili visigusane. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu kali ndani ya maji. Fanyia kazi nje, maana haidrojeni inatoka, na zima chaja kabla ya kugusa chochote. Aluminiamu isiingie. Springi na bolti ngumu za suspensheni pia zikae nje: haidrojeni huingia kwenye chuma kigumu kikavunjika ghafla.

Siki inafaa, ila suuza kwa maji yenye magadi na ukaushe mara moja. Dawa yenye asidi ya fosforasi ni ya kutu nyembamba iliyobaki kwenye vishimo baada ya brashi ya waya. Kutu inayobanduka huishinda.

SWALI: Rolls-Royce Silver Shadow ya 1972: breki zinavuja. Nijaze mafuta gani?

JIBU: RR363, mafuta ya breki maalumu ya Rolls-Royce, basi. Mafuta ya madini yanayotumika kwenye Silver Spirit iliyokuja mwaka 1980 huharibu raba za Silver Shadow, na kosa hilo hulazimisha kufumua mfumo wote. Kujaza tu hakutoshi. Badilisha mipira yote inayopitisha mafuta ya breki, kwa sababu baada ya miaka mingi hufura ndani hata kama nje inaonekana nzima. Mfumo huu huhifadhi shinikizo kubwa hata injini ikiwa imezimwa. Kabla ya kulegeza nati yoyote, washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga pedali tena na tena hadi taa za onyo za breki ziwake, uendelee kidogo, kisha vaa miwani.