Je, Televisheni Ndiyo Iliyowageuza Wamarekani Dhidi ya Vita vya Vietnam?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa historia alitueleza kwamba tamthilia na vichekesho vya televisheni ndivyo vilivyowatia Wamarekani hofu ya Ukomunisti, na baadaye vikawafanya wavichukie vita vya Vietnam. Je, burudani ina nguvu kiasi hicho? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, sehemu ya kwanza ina ukweli; ya pili ina walakini.

Hofu ya Ukomunisti ilishajengwa na wanasiasa na magazeti kabla televisheni haijaenea majumbani, ila televisheni iliipa sura. Kuanzia 1953 hadi 1956 ilirushwa tamthilia ya I Led Three Lives, iliyotokana na kisa cha Herbert Philbrick, mfanyakazi wa matangazo ya biashara wa Boston aliyejipenyeza katika Chama cha Kikomunisti kwa niaba ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Adui humo hakuwa askari wa Kisovieti mwenye bunduki. Alikuwa jirani au mfanyakazi mwenzako, mtu na heshima zake, ambaye usingemdhania lolote.

Hata hivyo, naona kwamba yaliyofichwa yalikuwa na nguvu kuliko yaliyoonyeshwa. Vipindi vililipiwa na makampuni, na anayeuza chakula hataki ugomvi na mteja. Juni 1950 kilitolewa kijitabu kilichoorodhesha watu 151 wa redio na televisheni waliodaiwa kuwa na uhusiano na Wakomunisti. Agosti mwaka huohuo mwigizaji Jean Muir, ambaye jina lake lilikuwamo, aliondolewa katika kichekesho cha familia baada ya kupigwa simu chache tu za malalamiko. Mdhamini, kampuni ya vyakula ya General Foods, hakudai kwamba Muir ana hatia. Alisema mwigizaji huyo amekuwa mtu wa utata, akamlipa ujira wake na kuachana naye.

Woga huo ulihamia Vietnam. Kati ya 1964 na 1969, wakati Marekani ilipokuwa ikifikisha huko askari zaidi ya nusu milioni, kichekesho cha Gomer Pyle, U.S.M.C., kuhusu askari wa Kikosi cha Majini cha Marekani, kilipendwa mno, na mwanajeshi huyo hakupelekwa vitani hata siku moja. Pete Seeger, mwimbaji aliyekuwa amefungiwa milango ya vituo vikubwa kwa miaka 17 kwa uhusiano wake wa zamani na Wakomunisti, alialikwa Septemba 1967 katika kipindi cha ndugu wawili Smothers. Aliimba kisa cha ofisa anayewalazimisha askari kuvuka mto huku maji yakizidi kina, na haikuhitaji ramli kujua kwamba anasemwa Rais Johnson. CBS, kituo kilichorusha kipindi hicho, iliukata wimbo huo. Februari 1968, mashambulizi ya Tet, yaliyofanywa ghafla na Wakomunisti katika miji ya Vietnam Kusini, yakiwa yameishtua nchi, aliruhusiwa kuuimba.

Agosti mwaka huo kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani waliona kupeleka askari Vietnam lilikuwa kosa. M*A*S*H, tamthilia ya vichekesho kuhusu madaktari wa hospitali ya kijeshi vitani, ambayo huenda ndiyo aliyoikusudia mwalimu wako, ilianza Septemba 1972, na hata hapo ilisingizia Korea ya miaka ya 1950. Iliwakuta watazamaji wameshageuka. Athari yake, nadhani, itafutwe kwa waliokuwa watoto wakati ule: kipindi cha mwisho, Februari 1983, kilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100, wengi wao wakiwa wamekua huku vita wanavyovijua ni mahema ya hospitali na madaktari waliochoka, si gwaride la ushindi.