Ngisi wamewaka jikoni usiku

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Juzi jioni nilinunua ngisi, stima ikapotea usiku kucha, friji ikawa kabati tu. Kabla ya adhana naingia jikoni nakuta sinia inawaka samawati! Jioni hawakuwaka hata kidogo. Mama asema wana jini tuwatupe. Kwanini wangoje mpaka alfajiri? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Mama yuko sawa kwa kutupa, jini ndo hakuna. Kwa kawaida hao ni bakteria wa baharini wanaokaa kwenye ngozi ya ngisi na samaki, jioni walikuwepo ila wachache.

Nyinyi kwenye chama chenu akidi isipotimia hampitishi kitu, si ndio? Basi bakteria nao wana akidi, na wanasayansi wanaiita hivyohivyo. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo, wakiwa wachache inapotelea majini, wakijaa inarundikana mpaka wote wanaihisi na hapo ndo taa zinawashwa. Mwaka 1970 huko Marekani kina Nealson na Hastings walichukua maji walimokuwa bakteria wamejaa, wakawachuja wakatoka, wakayatia kwa wengine wachache, na hao wakawaka kabla ya wakati wao. Maji matupu hayo!

Kungoja kwenyewe ni hesabu ya chakula, manake mwanga unakula nguvu nyingi na anayewaka peke yake baharini nani atamuona, kwahiyo kwanza wanazaana tu. Kuna ngisi mdogo wa Hawaii anafuga bakteria hawa kwenye mfuko tumboni, kila alfajiri anawamwaga kama asilimia 95, waliobaki wanazaana mchana kutwa na magharibi akidi imetimia tena, anawaka. Kila siku hivyo, sijui nani anamlipa.

Ule mwako wa kasia likipiga maji usiku usiuchanganye na huu, ule ni vijidudu vingine vimeshtuliwa tu. Lakini Januari 1995, huko juu yenu pwani ya Somalia, mabaharia waliona bahari nyeupe kama maziwa, na picha za setilaiti zilionyesha eneo la kama kilomita za mraba 15,400 likiwaka usiku tatu. Hao wanaaminika ni bakteria.

Ngisi wako watupe bana. Mwanga si sumu, ila wamelala nje bila barafu kwa joto la Lamu.