Karakana ya bure ndiyo iliyonimaliza mimi

Wee bana, huo mkataba wa kufundisha chuoni usiusaini kwanza! Hapo uliposema "chuo kina karakana nzuri, kazi zangu za chapa nitazimalizia huko bure" nimepasoma mara tatu mate yakinikauka, maana ndiyo maneno niliyomwambia mke wangu 2016, tena kwa raha zangu.

Mimi nachonga lino, vile vibao laini vya kupigia chapa, na kazi inayonilisha ni michoro ya leso, pindo la kuzunguka na mji wa katikati, jina, yale maneno yake, namwachia mwenye duka. Nilipoajiriwa kufundisha dizaini hapa Mombasa nikahamishia kila kitu chuoni, rola, wino, mpaka meza ya kuchapia kwa skrini, si kule kuna nafasi na stima ni yao. Miezi 6 nachonga usiku nikishamaliza kusahihisha, vibao 12, na kwa ujinga wangu kile chenye mchoro wa korosho, kizuri kuliko vyote, nikakifanya somo. Tazameni hapa, mji unaukata kinyume ndio ukipiga chapa ukae sawa. Darasa likapiga makofi, nami nikajiona profesa.

Siku ya mahafali nikapangwa meza ya kugawa zawadi kwa wageni. Nafungua katoni, mifuko ya kitambaa, na juu yake korosho zangu! Rangi wameiharibu, nyekundu imekuwa kama maji ya ukwaju. Nikaigawa yote nikitabasamu kama bwana harusi aliyeibiwa viatu msikitini. Na kati ya wageni yumo mzee mmoja wa Biashara Street aliyekuwa ashanipa kianzio cha shilingi 40,000, mchoro huo huo autoe kwenye leso. Akaushika mfuko, akaugeuza, akasema "kijana, huu ushatembea." Pesa alizitaka, na mimi nilikuwa nishazila, printa yangu ikauzwa kumlipa.

Kulalamika nililalamika, nikaonyeshwa mkataba na saini yangu chini, kazi zote zilizotengenezwa ndani ya chuo ni za chuo. Na aliyenisainisha, mkuu wa idara, alinambia "hayo makaratasi tu mwalimu, weka saini twende tukanywe chai". Chai! Hiyo chai ni ghali kuliko mahari niliyotoa, na hata mandazi hayakuwepo. Halafu hata mkataba ungenyamaza, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kazi uliyoifanya katika ajira kuwa haki yake imehamia kwa mwajiri, ila kama mmeandikiana vingine. Hapo kwa kuandikiana ndipo pa kushika ndugu yangu.

Kwa hiyo kazi yako isivuke geti la chuo, basi. Ukitaka mfano wa kufundishia chonga kingine papo hapo mbele yao, kibaya kibaya. Mimi siku hizi nafundishia samaki, mbaya huyo, macho mawili upande mmoja, wakitaka wamchore hata kwenye basi la chuo. Na waandike kabla hujasaini kwamba ulichochora nje ya saa zao kwa vifaa vyako ni chako, vibao ulivyonavyo sasa uvipige picha uambatanishe. Wakisema makaratasi tu, waambie basi na hili langu ni karatasi tu, litiwe saini.

Mshahara na mambo ya masters uliuliza pia, watakujibu wengine, mimi masters niliianza nikaiacha. We nambie, mkataba ushapewa au bado? Kama unao, piga picha palipoandikwa "kazi zote" uweke hapa, jina la chuo lifunike.